Mtaka cha Mvunguni: Kuutambua Uyoga Uotao Mitini

Makala haya yananuia kueleza namna ya kuutambua uyoga wa mwituni uotao juu ya miti na magogo. Haja ya maarifa haya ni bayana, kwani wapo waaminio kwamba uyoga wowote ulioota mtini huliwa bila madhara. Imani hiyo ni potovu na huweza kugharimu uhai.

Kwanza, uyoga si mmea. Ule tuuonao ni sehemu ya uzazi tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotanda ndani ya mti na kujilisha humo. Kwa hiyo, mtazamaji aanze na mti: je, ni wa aina gani? U hai au umekufa? Uyoga umeota shinani, tawini au mizizini?

Pili, atazame upande wa chini. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rangi ya juu hubadilika kwa mvua, jua na umri, ilhali upande wa chini huwa na mikunjo kama kurasa za kitabu, vitundu vidogo, au huwa laini tu. Mathalani, Trametes versicolor na Stereum ostrea hufanana mno kwa juu kwa mistari yao ya rangi. Ukiipindua, ya kwanza ina vitundu, ya pili haina. Ganoderma applanatum nayo ni ngumu kama ubao. Uso wake mweupe wa chini ukikwaruzwa kwa ukucha hugeuka rangi ya kahawia.

Tatu, achunguze spora, yaani vumbi la uzazi. Kofia ya uyoga ikilazwa juu ya karatasi usiku kucha, spora huanguka na kuacha chapa. Pleurotus, ambao wakulima wa Kenya huukuza juu ya mabua, huacha chapa nyeupe au ya zambarau hafifu. Galerina marginata, uotao juu ya magogo yaozayo huko Ulaya na Amerika Kaskazini, huacha chapa ya rangi ya kutu. Huu una amatoksini, sumu isiyoondolewa kwa kupikwa. Dalili zake huchelewa kwa saa 6 hadi 24, kisha huweza kutulia kwa muda. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe ini linaendelea kuharibika.

Kwa kuhitimisha, Kiswahili kimezikusanya aina hizi zote chini ya neno moja, uyoga. Si kosa la lugha, bali ni wito kwa mzungumzaji aeleze zaidi: mti, mikunjo, vitundu, chapa. Hakuna alama moja itoshayo peke yake. Asiye na yakini na asile, hata kama jirani ameula wa kufanana nao.