Chanjo ya malaria: Kwa nini haizuii malaria za kila aina?

Mtoto anapochanjwa malaria, haingizwi kimelea mwilini. Anapewa kipande cha protini, na kipande hicho ndicho kinachoeleza chanjo inaweza nini na haiwezi nini.

Fikiria protini kama uzi wa shanga. Kimelea cha Plasmodium falciparum, kinacholeta malaria kali na kilichoenea zaidi Afrika, huingia mwilini kikiwa kimefunikwa na protini moja. Katikati ya uzi wake, shanga nne zimepangwa kwa mfuatano uleule, tena na tena, karibu mara 40. Wanasayansi waliusoma mfuatano huo mwaka 1984.

Kinga ya mwili huutambua upesi. Ndiyo maana waliotengeneza chanjo ya RTS,S walichukua sehemu hiyo. Herufi R katika jina inasimamia neno "marudio". Mwili ukishaizoea, kingamwili hukishambulia kimelea kabla hakijaingia kwenye ini.

Ukoo mmoja, shanga tofauti

Plasmodium vivax, aina nyingine ya kimelea cha malaria, nayo ina protini ya ukoo huohuo. Ncha za uzi zinafanana, na kwa ncha hizo wanasayansi hutambua kwamba asili ni moja. Shanga za katikati ni nyingine kabisa.

Sababu ni kwamba sehemu zinazojirudia hubadilika haraka. Vinasaba vinaponakiliwa, hesabu huweza kupotea, kama msusi wa mkeka anayerudia mstari aliokwisha kuusuka au kuuruka. Vizazi vikipita, marudio huongezeka, hupungua au hugeuka. Kwa hiyo wanaopanga protini hizi katika koo hawaangalii marudio peke yake, hutazama pia sehemu zisizobadilika sana.

Kwa mzazi, maana yake ni hii: chanjo iliyoundwa kwa shanga za falciparum haimkingi mtoto dhidi ya vivax. R21, chanjo ya pili iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, nayo inalenga falciparum.

Tufanye nini?

RTS,S ilianza kutolewa kwa majaribio Ghana, Kenya na Malawi mwaka 2019, ikapendekezwa Oktoba 2021. Inapunguza malaria kali, lakini haiizuii yote, na nguvu yake hushuka kadiri muda unavyopita. Kama chanjo inatolewa kwenu, mtoto amalize dozi zote nne, aendelee kulala ndani ya chandarua, na akipata homa apelekwe kupimwa mapema.