PCOS: Ngano na Maziwa Vimesingiziwa

Swali ni lile lile, sauti tu ndiyo hubadilika. "Niache ngano na maziwa?" Analiuliza binti wa Milimani, hapa Nakuru, ambaye kwao roti hupikwa mchana na jioni tangu enzi za babu yake. Analiuliza mwalimu wa Njoro aliyekuzwa kwa mursik, na mama wa Bahati mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Wengine hata hawaulizi. Wameshaacha, wameteseka kwa miezi, na wanakuja kwangu na uzito ule ule, hedhi isiyotabirika vile vile, na hofu mpya ya kukaa mezani na watu wao. Jibu ni hapana. Nalitoa hapa kwa urefu ili tukikutana tuzungumze mambo yenye faida.

Sitaeleza PCOS kuanzia mwanzo. Mwenye nayo ameshaonyeshwa picha ya ultrasaundi na ameshasikia habari za homoni za kiume. Nakumbusha jambo moja tu, kwa kuwa hoja yote imesimama juu yake. Kwa wengi wenye hali hii, mwili hauitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho huizalisha kwa wingi zaidi. Insulini hiyo ya ziada huchochea ovari kutengeneza testosteroni, na papo hapo hulifanya ini lipunguze protini ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni kwenye damu isizurure. Yai halikomai, hedhi inapotea, chunusi na nywele za kidevuni zinatokea. Vile vifuko vya kwenye picha vina mayai yaliyokwama kabla ya kukomaa. Si uvimbe, na hakuna chai ya mitishamba inayoviyeyusha, hata muuzaji aape vipi. Kwa hiyo chakula chochote tunakipima kwa swali moja: kinaifanya nini insulini?

Familia za Kipunjabi, kama ya yule binti wa Milimani, zina sababu ya kulichukulia swali hilo kwa uzito kuliko majirani zao. Watu wenye asili ya Asia Kusini hupata tatizo la insulini wakiwa na uzito mdogo kuliko wengine, kiasi kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwa Waasia tahadhari ianze BMI ikifika 23, wakati kwa wengine ni 25. Binti mwembamba anayeambiwa na shangazi zake kwamba hawezi kuwa na PCOS kwa sababu hana kitambi anapotoshwa. Akiona ngozi ya shingo au makwapa imekuwa nyeusi na nene, huo si uchafu wa shingo isiyosuguliwa vizuri bafuni. Ni insulini.

Sasa ngano. Imani kwamba mwenye PCOS lazima aache gluteni imeletwa na walimu wa afya wa mitandaoni, wengi wao wa Marekani, wanaouza ratiba za mlo na vidonge. Gluteni ni protini ya ngano. Inawadhuru wenye ugonjwa wa seliaki, ambao kinga ya mwili wao huushambulia utumbo wanapoila. PCOS ni ugonjwa mwingine, na hakuna utafiti thabiti uliowahi kuonyesha kwamba kuiondoa gluteni peke yake hurudisha hedhi. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023, ambao uliongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, ulipitia ushahidi wa milo ya kila aina na ukasema wazi kwamba hakuna mlo hata mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine kwa uzito, kwa homoni wala kwa uzazi. Mlo unaofaa ni ule wenye virutubisho vya kutosha ambao mtu anaweza kuendelea nao, akiwa kwao, miaka nenda miaka rudi.

Tazama kinachotokea mtu anapoiacha roti. Njaa haiachi. Mahali pa phulka (roti nyembamba) mbili za atta, unga wa ngano isiyokobolewa, panajazwa na mlima wa wali mweupe, au viazi vya Molo vilivyokaangwa kwa bizari, au ule unga maalumu wa dukani usio na gluteni, ambao mara nyingi ni wanga wa mchele, mahindi na muhogo, nyuzinyuzi zikiwa chache na bei ikiwa mara kadhaa ya unga wa kawaida. Vyote hivyo havina gluteni, na vyote hupandisha sukari ya damu haraka kuliko roti ya atta iliyoliwa na dal. Mtu ameondoa kisichomdhuru, akaweka kinachomdhuru, halafu anajilaumu kwamba hakujinyima vya kutosha. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu wanawake wenye PCOS tayari wako katika hatari kubwa kuliko wenzao ya kuingia katika uhusiano mbaya na chakula: kujinyima, kula kwa pupa, kujichukia. Kila katazo lisilo na msingi linawasukuma huko.

Kuna hatari nyingine ambayo hao walimu hawaitaji. Seliaki si ugonjwa wa kubuni kaskazini mwa India. Katika Punjab upo na unajulikana vizuri. Mpunjabi wa Nakuru mwenye tumbo la kuharisha au kujaa gesi kila wakati, au upungufu wa damu usiokwisha, anahitaji kupimwa. Lakini kipimo hicho cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati ngano ingali inaliwa. Ukiiacha ngano miezi sita kisha ukaja maabara, jibu linaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Pima kwanza. Usijitibu kwa kukisia, ukafuta nyayo za ugonjwa wenyewe.

Maziwa nayo yamehukumiwa kwa ushahidi wa nusu nusu. Ni kweli kwamba maziwa huamsha insulini zaidi ya vile sukari yake ingekufanya utarajie, na zipo tafiti zinazoyahusisha na chunusi, hasa maziwa yaliyotolewa mafuta. Mwenye chunusi kali anaweza kuyapunguza kwa wiki kadhaa aone. Lakini tafiti zilizowafuata watu kwa miaka mingi zimeuhusisha mtindi na hatari ndogo ya kisukari aina ya pili, ugonjwa ambao mwenye PCOS anapaswa kuuogopa kuliko chunusi. Zaidi ya hayo, familia nyingi za Sikh hapa mjini hazili nyama, na langar, chakula cha pamoja cha gurudwara, haina nyama wala samaki. Mwambie mwanamke wa nyumba hiyo aache dahi (mtindi), paneer na maziwa, na umemnyang'anya sehemu kubwa ya protini yake. Protini ndiyo inayomshibisha na kuituliza sukari yake baada ya mlo. Ushauri ulioandikwa kwa mtu anayekula kuku na salmoni huko California haumfai.

Basi kama ngano na maziwa havina kosa, kosa liko wapi? Liko katika kiasi, na katika sukari.

Phulka ya nyumbani ya Kipunjabi hutumia gramu 35 hivi za atta, bila mafuta, na ina kalori kama 120. Chapati ya Kenya, ile nene ya tabaka tabaka tunayoipenda sote, ni kitu kingine. Pakiti ya kilo 2 ya unga mweupe hutoa chapati 20 hivi, yaani gramu 100 za unga kwa kila moja, na ukiongeza kijiko kikubwa cha mafuta unakaribia kalori 470. Chapati moja ya namna hiyo ni karibu phulka nne. Jikoni nyingi za Nakuru siku hizi zinapika zote mbili, kwa sababu mpishi ametoka Subukia na mama mwenye nyumba ametoka ukoo wa mafundi wa reli, na hakuna anayezitofautisha anapohesabu. Wale mafundi wenyewe, waliokuja na Reli ya Uganda iliyofika Nakuru mwaka 1900, walikula roti na samli kwa wingi kuliko wajukuu wao. Lakini walifua chuma na kubeba mbao mchana kutwa. Mjukuu anakaa nyuma ya kaunta ya duka la vipuri, na anakwenda gurudwara kwa gari.

Halafu chai. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe: vijiko 12, karibu gramu 50. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha sukari ya kuongezwa kwenye asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni hiyo hiyo gramu 50 hivi, na likasema ni bora zaidi kutovuka nusu yake. Kikomo kimefikiwa kabla ya jalebi, kabla ya soda ya harusi, kabla ya barfi ya Diwali. Na bado anayekunywa vikombe hivyo ananiuliza kuhusu maziwa yaliyomo ndani yake.

Ya kufanya ni haya, na hayahitaji duka maalumu. Punguza sukari ya chai kwa nusu kijiko kila wiki mpaka ifike sifuri au karibu. Hiliki na tangawizi zibaki. Roti ziwe phulka za atta, mbili kwa mlo, na paratha ingoje Jumapili. Anza kujaza sahani kwa mboga, nusu nzima: saag hupikika vizuri kwa sukuma wiki, spinachi na managu kutoka sokoni, na haidai majani ya haradali. Robo nyingine iwe protini katika kila mlo, asubuhi pia: ndengu, kamande, rajma, dengu nyeusi, paneer, mayai au samaki kwa anayekula. Wali na viazi visikae sahani moja na roti. Samli ipimwe kwa kijiko, isimiminwe. Lassi iwe ya chumvi na bizari, si ya sukari. Karah prasad, ambayo ni unga, samli na sukari kwa vipimo sawa, pokea kiganjani kidogo kwa heshima yake na usijiadhibu. Kwa walio nje ya jamii hii kanuni ni hiyo hiyo: githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, mukimo kidogo na mboga nyingi, mursik bila sukari, ugali mdogo. Nyumba nzima ile chakula kimoja. Mama mkwe mwenye kisukari anakihitaji kuliko wewe. Tembea dakika 15 baada ya chakula cha jioni, fikisha dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, na siku mbili beba vitu vizito. Kwa mwenye uzito wa ziada, kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 mara nyingi hutosha kuonyesha mabadiliko kwenye hedhi. Mwembamba hahitaji kupungua hata kilo moja. Ratiba ya sahani na mwendo inamhusu vile vile.

Chakula hakichukui nafasi ya daktari. Siku 90 zikipita bila hedhi, na si ujauzito, nenda hospitali, kwa sababu utando wa mji wa mimba unaokua bila kutoka unaweza kuleta saratani baadaye. Omba kipimo cha sukari cha kunywa glukosi gramu 75, kisha ukirudie kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Anayetafuta mtoto aulizie letrozoli mapema badala ya kumaliza miaka miwili kwenye majani ya kuchemsha. Na ukiandikiwa metformini, mweleze daktari kwamba huli nyama: dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu hupunguza vitamini B12, ambayo mlo wako tayari unayo kidogo, na kiwango chake hupimwa kwa damu.