Karauta ka Safari: Wacha Kusimama kwa Corridor na Mkono Juu

 

Picha ndio hii. Mbogi imetoka Nai na SGR, imeshuka Miritini, ikavuka feri ya Likoni, ikadandia mathree mpaka Diani. Room iko fiti. AC inapuliza, bahari iko hapo. Halafu mnafungua waifai. Ukurasa unachomoka: weka namba ya room, weka jina la mwisho. Simu ya kwanza, ndani. Ya pili, ndani. Ya tatu, unaambiwa limit imefika. Na mko wanne! Kila mtu na simu yake, wawili na lapi, na kuna mmoja amebeba Chromecast juu leo lazima mecho icheki kwa TV kubwa.

Hapo ndio utapata msee mzima, fade imechorwa jana, amesimama kwa corridor na vest, mkono juu, anawinda bar mbili za network. Manzi wa room ya pili anapita. Maze, hio ni kuchoma picha mpaka majivu.

Wazae hapa hawana msaada. Mathe atakwambia waifai ya hoteli ni ya bure, nyamaza. Fathe atakwambia enzi zao walienda Mombasa na redio na wakarudi wamefurahi. Lakini bingwa ni ankol wangu. Alichomoa rauta ya fibre kwa ukuta wa sitting room, na antena zake nne, akaipiga ndani ya begi mpaka Kisumu, akaiwasha kwa hoteli akangoja intaneti itoke. Taa ilikaa red wikendi mzima. Na huku kejani watu wakalala bila net.

Ankol alikosea kitu moja: net haikai ndani ya rauta. Iko kwa ule waya wa ukutani. So wewe unataka rauta ya safari, kakitu kadogo kanakamata waifai ya hoteli, halafu kanawamwagia nyinyi waifai yenu wenyewe. Hoteli inaona kifaa kimoja tu. Unajaza namba ya room mara moja, na simu moja, mbogi yote iko ndani. Hata Chromecast, yenye mara nyingi haina mahali pa kujazia ukurasa kama huo, na yenye hukataa kuongea na simu yako hoteli ikitenganisha wageni kwa network.

Chunga maduka ya Luthuli. Ukiuliza rauta ya safari, kuna jamaa atakupea mifi na tabasamu. Mifi inakula laini na bando zako. Wewe unataka yenye inakula net ushalipia pamoja na kitanda.

Sasa, uchukue gani? Hapa ndio wasee huanguka pande mbili.

Pande ya kwanza ni ya mkono gamu. GL.iNet wako na Mango, ya manjano, gramu 39 hivi. Yai boilo ya base iko na uzito kuishinda. TP-Link wako na TL-WR802N, nayo ni kadogo hivyo hivyo. Zinakubamba hadi ujue ziko na 2.4 GHz pekee. Redio moja inaskiza hoteli, hio hio inaongea na nyinyi, kwa zamu. Speed inapasuliwa karibu nusu. Na 2.4 kwa hoteli imejaa kama Umoinner saa kumi na mbili jioni. Ukiwa solo, WhatsApp na mail, sawa. Mkiwa wanne, mtakosana.

Pande ya pili ni ya wazito. Beryl AX ya GL.iNet: Wi-Fi 6, kwa karatasi inasoma 2402 Mbps kwa 5 GHz na 574 kwa 2.4, port ya waya ya 2.5G. Ni chuma, siwezi kataa. Lakini skiza vizuri: hakuna rauta inaongeza net ya hoteli. Wakikupimia Mbps 8, ni 8. Umelipa ganji ya Ferrari kuingia nayo jam ya Jogoo Road. Hio doo ingekula samaki wa nazi siku tatu.

Mimi nasimama katikati, na sitoki. Opal, ya GL.iNet bado, ama ingine ya level yake. Iko na band mbili, so inashika hoteli kwa 5 GHz na kuwapea nyinyi 2.4, ama kinyume, bila kupasua speed. Iko na port za waya. Na inakula USB-C, chaja yenye tayari iko kwa begi, ama power bank stima ikipotea. Kuna tundu ya USB pia: waifai ya hoteli ikizima kabisa, chomeka simu, mchome bando zako hadi asubuhi.

Beba na ka-cable kafupi ka LAN. Cheki nyuma ya meza ama ya TV. Port ya ukutani ikiwa hai, achana na waifai yao, wewe ni mfalme.

Sasa siri ya mtaa. Ipe rauta jina na paswadi sawasawa na zile za waifai ya kejani. Simu zote, lapi zote, zitajishikanisha zenyewe ukifika. Paswadi ya kiwandani ya settings, badilisha kabla utoke nyumbani. Na ukurasa wa namba ya room ukikataa kutokea, zima VPN kwanza, ingia, halafu uiwashe. Ikizidi kukataa, ingia na simu, kisha uambie rauta inakili MAC address (ile ID ya simu kwa network) yenye simu imetumia hapo. Simu za siku hizi huvaa MAC tofauti kila network, so chukua ile ya hapo.

VPN usiruke, haswa wewe wa online job unafungua akaunti ya client kwa waifai isiyo na paswadi. VPN ya WireGuard iko ndani ya hizi za GL.iNet. Unaiweka kwa rauta, kila kifaa chenye kimeshika kinafunikwa.

So kabla Desemba ifike, changeni wanne, mnunue moja. Bei ikigawanywa haiumi mtu. Na mtu amwambie ankol arudishe ile kitu kwa ukuta.