Jinsi Meli Inavyosema

Wajukuu zangu, meli haina mdomo. Ikilemewa, hailii kama punda aliyezidishiwa magunia. Ikibeba baruti tumboni, kwa nje sura yake ni ile ile ya meli iliyobeba chumvi. Ndiyo maana watu wa bandarini walitafuta njia za kuifanya iseme. Waliipaka mstari ubavuni, wakaipandishia kitambaa mlingotini, wakampa karani karatasi ya kuandika. Leo nawasimulia habari za mstari, kitambaa na karatasi.

Najua mtaniuliza: sisi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, huku Dowa kwenye mahindi na vumbi, meli zinatuhusu nini? Waulizeni wazazi wenu. Wengi waliotoka Uvira, Baraka na Kalemie, huko Kongo, walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti kabla hawajaona mpaka wa Malawi. Na mkitoka Lilongwe mkashuka Salima, mwendo wa kilomita kama mia moja, mtalikuta ziwa jingine, Ziwa Malawi, refu hadi kaskazini kabisa mwa nchi. Siku moja mtapanda chombo, na ni heri mpande mkijua lugha yake.

Tuanze na mstari. Zamani, huko Uingereza, wenye meli walizijaza mizigo hadi maji yanakaribia sitaha. Meli ikizama, mwenyewe alilipwa fedha za bima. Baharia aliyezama nayo, nani angemlipa? Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alilipigia kelele jambo hilo bungeni miaka na miaka, na mwaka 1876 ikapita sheria kwamba meli za huko zichorwe mstari ubavuni. Maji yakiufikia mstari, acha kupakia.

Lakini sheria ile ilikuwa na tundu. Haikusema mstari uchorwe wapi! Mwenye meli aliuchora alipopenda, na husimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Cardiff aliuchora juu kwenye bomba la moshi. Ilibidi kungoja hadi 1890 ndipo serikali ikaamua yenyewe mahali pa kuuchora. Kumbe alama bila mtu wa kuisimamia ni rangi tu.

Sasa chukueni yai bichi, mlitie kwenye bakuli la maji ya kisima. Litazama. Korogeni chumvi nyingi humo, nalo litapanda juu. Maji ya chumvi ni mazito, hubeba vizuri zaidi. Kwa hiyo meli ile ile, yenye mzigo ule ule, huzama chini zaidi kwenye maji baridi ya mto au ziwa kuliko baharini. Ndiyo sababu meli za baharini huchorwa mistari kadhaa, na mmoja wao ni wa maji yasiyo na chumvi. Maji ya Ziwa Malawi, ya Tanganyika na ya Viktoria si ya chumvi. Usidhani kwa kuwa ni ziwa basi ni salama kuliko bahari.

Wakati nchi hii ilipotawaliwa na Waingereza na kuitwa Nyasaland, meli za ziwani ziliendeshwa na kampuni ya reli. Mwaka 1946 kampuni ilileta meli mpya kabisa, MV Vipya, fahari ya ziwa. Ilikuwa haijafanya kazi muda mrefu. Tarehe 30 Julai, ikiwa kaskazini mwa ziwa, mwera ulivuma. Mwera ni upepo wa kusini, nao wavuvi wa huku huuogopa hasa katika miezi ya baridi, kwa kuwa husukuma mawimbi kwa urefu wote wa ziwa bila kizuizi. Vipya ilipinduka, watu 145 wakafa.

Mstari unasema mzigo umetosha, lakini juu ya upepo hausemi neno. Hilo ni la nahodha, awe na ujasiri wa kusema, "Leo hatuendi," hata kama abiria wananung'unika na ofisi inataka ratiba. Meli ya abiria mnayoisikia leo, MV Ilala, ilianza safari zake mwaka 1951, miaka mitano baada ya msiba ule.

Tuje kwenye kitambaa. Bandarini kuna bendera nyekundu isemayo: nina mzigo wa hatari, kaa mbali. Usiku badala yake huwashwa taa nyekundu. Alama hiyo humwonya hata asiyejua kusoma. Zamani za ukoloni wa Waingereza, karatasi za mizigo za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ziliandikwa kwa Kiingereza, na hamali aliyebeba sanduku begani hakuambiwa lina nini. Lakini kitambaa chekundu alikielewa. Na kwa kuwa mzigo wa hatari hukaa mbali na watu, Mombasa matangi ya mafuta yalijengwa Shimanzi, na Dar es Salaam yakawekwa Kurasini, kando na gati la abiria.

Mzigo wa hatari si baruti tu. Chokaa ambayo haijazimwa, ikimwagikiwa maji, huchemka hadi kuunguza mbao. Mbata, yaani nazi iliyokaushwa, ikirundikwa bado ina unyevu hupata joto kutoka ndani yake yenyewe. Pamba ni laini, mtoto hulalia. Lakini robota la pamba likishika moto, huweza kuungua ndani kwa ndani kwa saa nyingi na nje huoni kitu.

Pamba ilihusika katika msiba wa Bombay, mji wa India ambao majahazi ya pwani yetu yamekuwa yakifanya nao biashara kwa karne nyingi. Aprili 1944, wakati wa vita, meli Fort Stikine iliingia ikiwa na zaidi ya tani 1,300 za mabomu na baruti. Njiani, Karachi, ilikuwa imepakizwa maelfu ya marobota ya pamba, pamoja na mapipa ya mafuta. Na haikupandisha bendera nyekundu. Tarehe 14 mchana moshi ukaonekana. Watu wakamwaga maji, lakini meli nyingine zilibaki palepale jirani, na watu walisimama gatini wakitazama. Saa kumi alasiri ikalipuka, na baada ya nusu saa ikalipuka tena. Mamia walikufa na mitaa ikateketea. Ndani mlikuwa pia na dhahabu. Mzee mmoja alikuta kipande kimetoboa paa la nyumba yake, zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, akakirudisha. Lakini waliokufa hakuna aliyewarudisha.

Kwa hiyo mkiona kwenye minibasi ya kutoka Lilongwe dumu la petroli limesukumwa chini ya kiti, na abiria juu yake anataka kuwasha sigara, msikae kimya kwa sababu nyinyi ni wadogo. Bendera haipo. Semeni nyinyi.

Imebaki karatasi. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, katika Ziwa Viktoria. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 430. Inakadiriwa kwamba waliokufa peke yao ni zaidi ya 800. Mnauliza mbona inakadiriwa, kwani hawakuhesabiwa? Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina. Wa daraja la tatu, waliokuwa wengi na waliolipa kidogo, hawakuandikwa. Basi ndugu walipofika gatini kuuliza, "Kaka yangu alipanda?", hapakuwa na kitabu cha kufungua.

Nyinyi wa Dzaleka hili hamhitaji kuelezwa mara mbili. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu kama elfu kumi. Leo mmezidi elfu hamsini, na kila nyumba inajua maana ya jina kuwemo au kutokuwemo kwenye orodha. Mnajua mama anavyorudi nyumbani siku ya mgao jina lisipoonekana. Melini ni hivyo hivyo, ila huko kinachokosekana si unga. Aliyekosa jina hakuna anayejua kwamba anapaswa kutafutwa.

Basi mkifika ziwani, tazameni ubavu wa chombo kabla hamjatia mguu, mwone maji yamefika wapi. Ulizeni ndani mna nini. Na karani akisema watoto hawaandikwi, kwa kuwa hawalipi nauli, simameni hapo hapo hadi aandike: jina lako, na jina la mdogo wako aliyebebwa mgongoni.