Saa ya kompyuta: usinunue kinachogawiwa bure

Kompyuta za ofisi zinapishana saa, tovuti ya benki inagoma kufunguka, na fundi anakushauri ununue programu ya kulinganisha saa. Usitoe hela bado. Saa sahihi inagawiwa bure kwenye intaneti kwa utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na David Mills, baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1985. Windows, Linux na simu yako tayari vinajua kuomba saa kwenye seva. Kazi yako ni kuchagua seva, na kukwepa gharama zinazojificha pembeni.

Kwanza, jua tatizo liko wapi

Saa ikipotea kwa tofauti ya saa tatu kamili, hakuna cha kununua. Seva zote za NTP hutoa saa ya dunia, UTC, na Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Mipangilio ya saa za eneo ndiyo imekosewa. Kwenye Windows chagua Nairobi, kwenye Linux chagua Nairobi au Dar es Salaam, basi.

Ikirudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika, betri ya ndani imekufa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3, na bei yake ni kama dola 1. Kompyuta mpakato ni habari nyingine: betri inaweza kuwa na waya wake au kuchomelewa, na ufundi ukagharimu kuliko kipuri. Uliza bei ya betri na bei ya kazi kila moja peke yake kabla mashine haijafunguliwa.

Ikipotea sekunde moja au mbili kwa siku, hiyo ni hali ya kawaida ya saa za kompyuta, na kwa mwezi inafika nusu dakika hadi dakika nzima. Namba za siri za kuingilia kwenye akaunti, zile zinazobadilika kila sekunde 30, zitaanza kukataliwa. Dawa ya tatizo hili ndiyo seva.

Seva iliyokuja na kompyuta

Bei: bure. Kazi: hakuna. Udhaifu wake ni kwamba unategemea chanzo kimoja, na Windows ya nyumbani huuliza kwa nadra. Kwa mtu mwenye kompyuta moja inatosha. Hakikisha tu kwamba swichi ya kuweka saa kiotomatiki imewashwa.

Seva za watu wanaojitolea

Mkusanyiko wa pool.ntp.org ulianza mwaka 2003, na seva zake zinatolewa na watu na taasisi zinazojitolea duniani kote. Bei ni bure pia. Andika majina manne: 0.pool.ntp.org, 1.pool.ntp.org, 2.pool.ntp.org na 3.pool.ntp.org. Ukiwa na seva mbili zinazopingana, kompyuta haijui iamini ipi. Zikiwa nne, moja ikidanganya, tatu zinaiumbua.

Kuna majina ya Afrika pia, kama 0.africa.pool.ntp.org, lakini bara letu lina seva chache mno ukilinganisha na Ulaya. Majibu yakisuasua, rudi kwenye majina yasiyotaja bara. Mfumo wenyewe hujaribu kukutafutia zilizo karibu.

Umbali usikutishe. Swali na jibu vikichukua milisekunde 200 kwenda na kurudi, safari yenyewe haiwezi kuikosesha saa kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwa risiti, kamera za ulinzi na malipo, huo si upungufu.

Seva za makampuni makubwa

Anwani mbili zinazojulikana ni time.google.com na time.cloudflare.com. Ni bure, na faida yake ni upatikanaji: swali lako hupelekwa kwenye kituo cha kampuni kilicho karibu kimtandao. Ile ya pili ina pia NTS, kinga inayothibitisha kwamba jibu halikuchezewa njiani, lakini si kila programu inaielewa. Kwenye Linux, programu ya chrony inaielewa.

Tahadhari moja: time.google.com huisambaza sekunde ya nyongeza ya dunia taratibu kwa saa 24, wakati seva nyingine huiongeza kwa mkupuo. Sekunde hiyo iliongezwa mara ya mwisho Desemba 2016, lakini usichanganye seva za aina hizo mbili kwenye orodha moja.

Seva za serikali ya Marekani, time.nist.gov, ni bure na za kuaminika. Ila ziko mbali, na kwa ofisi ya huku hazikuongezei kitu.

Kununua chombo cha setelaiti

Kipokea GPS cha kuchomeka kwenye USB kinapatikana mtandaoni kwa dola 10 hadi 20, bila usafiri na ushuru. Mashine maalumu za ofisini zinaanzia mamia ya dola hadi maelfu. Usidanganyike na kile cha bei ndogo: kisipokuwa na waya wa mapigo ya kila sekunde, uitwao PPS, saa yake inaweza kuyumba kuliko ya seva ya mtandaoni. Ongeza antena inayoona anga, kebo na umeme usiokatika. Nunua tu ikiwa uko mahali pasipo na intaneti kabisa.

Gharama zilizojificha

Bando. Swali na jibu ni baiti 152 kwa jumla. Kompyuta ikiuliza seva nne kila baada ya sekunde 64, kwa mwezi inakula kama MB 25. Kompyuta kumi, MB 250. Ikiuliza kila baada ya sekunde 1,024, inashuka hadi MB 1.5 hivi. Kwa hiyo acha kompyuta moja au ruta iulize nje, nyingine ziulize hiyo.

Ruta. Ruta nyingi za bei nafuu zinaomba saa lakini haziwezi kuigawa. Kabla ya kulipa, omba uoneshwe kwenye menyu kama ina NTP server, si NTP client peke yake, na kama unaweza kubadilisha seva mwenyewe. Mwaka 2003, ruta za majumbani zilizofungwa na anwani moja kiwandani zilikifurikia Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa pakiti zaidi ya 250,000 kwa sekunde. Ndiyo maana uandike jina la seva, si namba zake: namba hubadilika, na seva za wanaojitolea huondoka.

Mtandao. NTP hupita mlango wa UDP 123. Baadhi ya mitandao huufunga. Kabla ya kumlipa fundi, mpigie anayekuuzia intaneti, muulize kama uko wazi na kama ana seva yake ya saa.

Uamuzi

Kompyuta moja nyumbani: acha seva iliyokuja nayo. Ofisi, stesheneri au saccos yenye kompyuta kadhaa: mashine moja iulize seva nne za pool, nyingine ziulize mashine hiyo. Unataka kinga dhidi ya kuchezewa: tumia yenye NTS. Programu ya kulipia: usinunue. Kama betri ya ndani imekufa, hela uliyonayo leo nunulia betri kwanza.