Macho ya Manjano Si Ugonjwa Mmoja

Mtu wa Buyenzi au Kinama, mjini Bujumbura, akiamka macho yamegeuka manjano na mkojo umekolea kama chai ya rangi, jirani huwa tayari anamjua mganga wa kumpeleka. Hunyweshwa mizizi na majani, na baada ya wiki chache macho hurudia weupe wake. Dawa husifiwa mtaa mzima. Kinachosahaulika ni kwamba ipo homa ya ini ambayo mwili huishinda wenyewe, mtu akinywa mizizi au asinywe. Ipo pia nyingine ambayo mara nyingi haibadilishi rangi ya macho kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo inayoua zaidi. Kuzichanganya hizi mbili kunatupotezea ndugu zetu.

Virusi vya homa ya ini ni vya aina tano: A, B, C, D na E. A na E huingia kwa kinywa, kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Bujumbura inaijua njia hii vizuri, kwa kuwa ndiyo ya kipindupindu. Mvua ikizidi, vyoo vya Buterere na Gatumba hufurika, na maji machafu huchanganyika na yale ya kunywa. A haiachi ugonjwa sugu, na E huuacha kwa nadra sana, hasa kwa wenye kinga dhaifu. Mgonjwa huhitaji kupumzika, kula, kunywa maji ya kutosha na kuacha pombe. Mizizi isiyojulikana vipimo vyake inaweza kuliumiza zaidi ini ambalo tayari ni gonjwa. Mjamzito ndiye wa kuangaliwa kwa makini: akipata E katika miezi mitatu ya mwisho, hatari ya kufa inaweza kufika 20 hadi 25 kati ya wagonjwa 100. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kinga ni maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, choo safi na sabuni. A ina chanjo pia.

B, C na D hupita kwenye damu. B hupita pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Tone la damu lililokauka kwenye wembe linaweza kubeba virusi hai vya B kwa siku 7 au zaidi, hata kama jicho halioni kitu. Ndiyo maana kwa kinyozi, kwa ngariba, kwa anayechanja chale au anayeumika, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako na utupwe baada yako. Kisu cha kukatia kimio kimepita koo nyingi mno. Watoto wasipelekwe kukatwa kimio kabisa.

Umri wa kuambukizwa B una uzito mkubwa. Kati ya watoto wachanga 100 walioambukizwa, karibu 90 hubaki nayo maisha yao yote. Kwa watu wazima, hawafiki 5. Virusi hukaa kimya miaka 20 au 30, huku ini likigeuka kovu na wakati mwingine kuota saratani. D haiwezi kuishi bila B, kwa hiyo chanjo ya B huzuia zote mbili.

Burundi iliingiza chanjo ya B katika chanjo za watoto mwaka 2004, ndani ya sindano moja pamoja na ya pepopunda, dondakoo na kifaduro. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata, nao leo ndio wazazi. Mtu mzima ambaye hana virusi anaweza kuchanjwa kwa sindano tatu ndani ya miezi sita. Aliye na B sugu huenda akahitaji tenofovir, kidonge kimoja kila siku, mara nyingi kwa maisha yote. Hakimalizi virusi, lakini huvizuia kulila ini. C haina chanjo, lakini vidonge vya kumeza kwa takribani wiki 12 huponya kabisa zaidi ya 95 kati ya wagonjwa 100.

Mwenye B au C asitengwe. Kula naye sinia moja, kumkumbatia au kulala naye chumba kimoja hakuambukizi. Kwenye sinia hilohilo, A ndiyo ya kuogopwa, na inazuiwa kwa kila mmoja kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumega tonge.

Kupima B ni tone la damu la kidole na dakika kama 20 za kusubiri. Kwa C, kipimo cha kwanza huonyesha tu kwamba mtu aliwahi kukutana na virusi, na kipimo cha pili ndicho huthibitisha kama bado vimo. Aliyepona macho ya manjano akapime, na ambaye hajawahi kuugua akapime vilevile. Zaidi ya wote, mjamzito anayetoa damu kliniki kwa ajili ya kipimo cha UKIMWI aulize na cha B. Akikutwa nayo, anaweza kupewa dawa kabla ya kujifungua, na mtoto akichanjwa ndani ya saa 24 badala ya kusubiri wiki ya 6, anaweza kukua bila virusi hivyo. Swali hilo moja, kliniki ya Kamenge au ya Bwiza, lina faida kuliko mizizi yote atakayonyweshwa mtoto huyo ukubwani.