Dawa za Mimea kwa Chunusi: Mnunuzi Aulize Nini?

Katika maduka ya Njombe mjini na vibanda vya Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Mbeya, huuzwa mafuta, sabuni na krimu zinazosemwa kutibu chunusi kwa mimea pekee. Dai hilo si la kupuuzwa, wala si la kukubaliwa bila maswali.

Chunusi huanza tundu la ngozi linapozibwa na mafuta ya mwili na seli zilizokufa. Ndani humo, pasipo hewa ya kutosha, huzaliana bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, na uvimbe hufuata. Dondoo za mwarobaini, manjano na majani ya chai zimeonekana maabara kumdhoofisha. Lakini kisahani cha maabara si uso wa mtu: dawa haina budi kupenya hadi chini ya tundu, tena kwa kiwango kinachojulikana, na majani yaliyotwangwa nyumbani hayana kiwango.

Mmea wenye ushahidi bora ni melaleuka wa Australia, ambao mafuta yake huuzwa kwa jina la "tea tree". Jina hilo hupotosha: mti huo ni wa jamii ya mikaratusi na mikarafuu, na hauhusiani na chai ya Kibena wala Luponde. Utafiti uliochapishwa Australia mwaka 1990, kwa wagonjwa 124, uliyalinganisha mafuta hayo na benzoili peroksaidi, kila moja kwa kiwango cha asilimia 5. Zote mbili zilipunguza chunusi. Ya mmea ilikawia, ila ilisumbua ngozi kidogo zaidi. Basi muulize muuzaji: ni asilimia ngapi? Mafuta yasiyozimuliwa huweza kuunguza, na yakinywewa ni sumu. Juisi ya limau tunaikataa kabisa. Ikipigwa na jua huibabua ngozi, hata katika baridi ya Njombe.

Tunachohofia zaidi ni krimu ya "asili" isiyo na orodha ya viambato, inayosafisha uso kwa siku tatu. Huenda imetiwa steroidi, ambayo hutuliza uvimbe upesi, kisha huidhoofisha ngozi na kuleta chunusi mpya. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dai risiti, na kopo lisilo na jina la mtengenezaji usilinunue. Vinundu vinavyouma au kuacha makovu vionwe mapema kwenye kituo cha afya.